Namba Moja Kwenye Daftari la Baba

Nilikuwa nimeinua mlango wa chuma wa duka hadi nusu pale simu ilipoita. Ilikuwa Jumanne, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, na mama hakuwa mtu wa kupiga simu saa hizo. Niliuachia mlango, ukashuka wenyewe kwa kishindo. Mama alikuwa hospitali, kwenye kiti cha plastiki alichokikalia kwa wiki tatu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma karatasi.

"Baba yako amefariki saa kumi na moja na dakika kumi," alisema. "Andika mahali."

Nilipapasa mkoba, nikapata kipande cha karatasi, nikaandika. Nilipomaliza ndipo nilipoketi kwenye ngazi ya duka nikalia. Muuza magazeti wa pembeni akaja kunishika bega bila kuuliza kitu, maana alishaelewa.

Asiyemjua baba atashangaa mke kumwambia mtoto aandike saa ya kifo kabla ya kumpa pole. Mimi sikushangaa. Baba alikuwa karani wa masijala kwa miaka thelathini na minne. Masijala ni kile chumba cha ofisi ya serikali chenye makabati mpaka darini, ambako kila barua inayoingia hupewa namba na kila faili linalotoka husainiwa. Watu walimwita Mzee Faili, naye aliliitikia jina hilo kama cheo. Nyumbani alikuwa vilevile. Ukiazima mkasi wake, unaandikwa. Kaka yangu, alipokuwa mdogo, aliwahi kuandikwa kwa kuazima mwamvuli uliotoboka, na alipourudisha baba alilikagua tundu kwanza, aone kama limeongezeka.

Alipostaafu hakukaa kuhesabu wapita njia. Alirudi nyumbani na kompyuta kuukuu ambayo ofisi ilikuwa inaitupa, akaiweka juu ya kabati la korido, akaiunganisha kwa waya na ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti ndani ya nyumba. Alitumia miezi sita kuingiza humo kila kitu chetu: vyeti vya kuzaliwa, picha, nyimbo za kwaya, barua za shangazi, hata ripoti zangu za shule ambazo nilitamani zipotee. Skrini yake aliipeleka ofisi ya kanisa. Alisema masijala haitazamwi, inaombwa. Kwa hiyo kompyuta ile ikabaki kasha lisilo na skrini wala kibodi, na njia ya kuifikia ikawa moja tu, kupitia mtandao wa nyumbani, kwa tableti ya mama. Tuliiita Masijala.

Kila kifaa cha nyumba kilikuwa na namba kwenye ruta, na kwenye msumari wa korido lilining'inia daftari lenye safu zilizopigwa kwa rula: tarehe, namba, kilichochukuliwa, saini, na siku kilipofunguliwa tena. Kifaa kikilala nje ya nyumba, namba yake ilifungwa na kuandikwa kuwa kimetoka. Kikirudi kilifunguliwa na kusainiwa. Baba alisema simu ikiibiwa, mwizi asije akaingia kwetu na ufunguo wetu wenyewe. Mama ndiye aliyefundishwa kufunga na kufungua, na kazi hiyo aliifanya kwa makini kuliko sisi sote.

Mimi niligoma. Nina duka la kuchapa na kutoa nakala, kompyuta nazijua kwa kiasi changu, na miaka mitano iliyopita nilimwambia baba kwamba faili ukilinakili halihami, linabaki palepale. Sasa nasaini nini? Alinitazama juu ya miwani.

"Karatasi iliyotoka bila saini imepotea, hata kama unaiona."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo sikuigusa Masijala yake. Nikitaka picha, nilimwomba mama anichukulie. Hatukununiana, tulikula meza moja na kusali pamoja, ila daftari lile nililipita kwenye korido kama mtu anayempita jirani aliyekosana naye.

Jumanne hiyo jioni, nyumba ikiwa imejaa watu na viti vya kuazima, mama alituita chumbani mimi na kaka. Kaka ni dereva wa lori, alikuwa ameshuka safarini na vumbi bado liko kwenye nyusi. Mama alitueleza kwamba wiki iliyopita baba alimshika mkono akamwambia wasifu wake, ule unaosomwa mazishini, ameuandika mwenyewe. Uko Masijala, faili la kumi na mbili. Hakutaka usomwe mwingine, kwa kuwa amezika watu wengi na amesikia wakisifiwa kwa mambo ambayo hayakuwahi kuingia kwenye kumbukumbu yoyote.

"Nikamwahidi," mama alisema. "Hilo ndilo alilolitaka. Baada ya hapo aliomba maji tu."

Mazishi yalikuwa yamepangwa Alhamisi, ibada saa tano. Nikawaambia waniachie mimi, ni kazi ya dakika tano. Mungu anisamehe kwa kiburi kile.

Jumatano asubuhi, baada ya sala, nilichukua tableti ya mama nikabonyeza alama ya Masijala. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kikasimama na maneno yakatokea kwamba kifaa hakipatikani. Nikarudia. Nikazima tableti na kuiwasha. Nikapanda kiti kuangalia juu ya kabati. Kasha lilikuwa linanguruma, na kitaa chake cha kijani kilipepesa vizuri kabisa, kama mtu anayekukonyeza huku akikataa kukuitikia. Nikachomoa waya wa mtandao, nikaufuta, nikauchomeka upya. Nikaleta waya mpya kutoka dukani. Hakuna.

Nikaleta na kompyuta yangu mpakato. Mama hakukubali iingie kwenye mtandao hivihivi. Alifungua ukurasa wa ruta kwenye tableti, akaipa namba tisa, akashusha daftari na kuandika. Kisha akanipa kalamu nisaini. Nikamwambia nitasaini baadaye, nina haraka. Hakubishana. Aliiacha nafasi ya saini wazi, akalirudisha daftari kwenye msumari.

Kompyuta yangu iliiona printa. Iliiona televisheni ya sebuleni. Nilibadilisha mpangilio wake ili iuchukulie mtandao huu kuwa wa nyumbani na si wa hadharani, kwa sababu dukani hilo ndilo kosa ninalolikuta kila wiki. Niliandika anwani ya Masijala kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu, kama mama alivyokuwa ameinakili nyuma ya Biblia yake. Kimya. Nilifungua orodha ya ruta ya vifaa vilivyounganishwa, nikaona namba tatu hadi tisa. Namba mbili, mama alisema, ilikuwa simu ya baba, na ilifungwa siku waliyokwenda hospitali. Namba moja haikuwamo, nikadhani ni ruta yenyewe, nikapita.

Saa sita mchana nikawa nimelowa jasho. Nje watu walikuwa wanapanga turubai. Kila aliyeingia kunipa pole alinikuta nimepiga magoti mbele ya kabati na waya mkononi, na shangazi mmoja akadhani nasali, akapiga magoti nami. Nikaona haya kumwambia, nikasali kweli.

Kaka akamwita Fundi Antena, jirani yetu anayefunga madishi ya televisheni, mtu mwema mwenye mdomo usiochoka. Alimheshimu sana baba, lakini huzuni yake hutokea kwa njia ya mzaha.

"Mzee Faili kaondoka na funguo," alisema, akipanda kiti. "Hata malaika watasaini kabla hawajamchukua."

Mama alikuwa mlangoni. Kaka akamvuta fundi suruali. Lakini mama akasema, "Na watakaguliwa saini," akaenda zake jikoni, nikasikia analia na kucheka kwa pamoja.

Fundi alishauri tulipe kasha skrini. Nikakimbia dukani nikaleta moja pamoja na kibodi. Kasha likawaka vizuri, likaonyesha picha ya mlango wa ile ofisi ya zamani, likadai neno la siri la baba mwenyewe. La mama lilikuwa la kupitia mtandao tu. Tukajaribu tarehe ya kuzaliwa baba, tukajaribu namba yake ya ajira. Kabla ya jaribio la tatu niliondoa mkono, nikiogopa kasha lisije likajifunga kabisa. Fundi akasema tunaweza kulifungua kwa bisibisi na kutoa kile kidude kinachohifadhi mafaili, lakini kifaa cha kukisomea hana, na aliyenacho yuko safarini hadi Ijumaa. Ijumaa baba angekuwa ameshalala siku moja ardhini.

Ikabaki ruta. Nyuma yake kuna kitundu, ukikibonyeza kwa pini inasahau kila kitu na kuanza upya. Fundi alikuwa tayari na pini. Mama alitokea nyuma yake bila kusikika, akaweka kiganja juu ya ruta.

"Hapa kuna kazi yake ya miaka mitano," alisema. "Hatuanzi upya wakati mtu anazikwa kesho."

Fundi akairudisha pini mfukoni, akamwomba mama radhi kama mtoto wake wa kumzaa.

Dukani mteja akiniletea kompyuta iliyogoma, swali langu la kwanza huwa moja: tangu ilipofanya kazi mara ya mwisho, nini kimebadilika? Kwa kuchanganyikiwa sikuwa nimeliuliza hata mara moja. Nikamketisha mama kitandani nikamuuliza. Alisema Jumatatu mchana alikuja kuoga, akafungua Masijala, akasikiliza wimbo mmoja wa kwaya ambao baba aliimba sauti ya nne. Ilifunguka vizuri.

"Na tangu hapo, mama, nini kimebadilika?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama ninavyomjua. "Hakuna kilichobadilika, mwanangu," alisema. "Baba yako amekufa, basi."

Nikarudi kwenye kabati.

Jioni kaka alinifuata uani. Alisema tuandike wenyewe. Baba tunamjua, tutaandika ukweli, tutampa mchungaji, nani atajua? Mama alitusikia kupitia dirishani.

"Mimi nitajua," alisema.

Nililala nguo zikiwa mwilini. Nilimwomba Mungu anionyeshe, kisha nikaona haya kumsumbua kwa jambo la waya wakati kuna watu wana wagonjwa, kisha nikamwomba hivyohivyo.

Alhamisi nilizinduka kumekucha, jua limeshafika kwenye sakafu ya korido. Zilibaki saa nne na nusu, na dukani nilikuwa bado na karatasi za ratiba ya ibada za kuchapa. Nikasimama mbele ya kabati, kasha linanguruma, kitaa kinapepesa, nikakubali kwamba nimeshindwa. Nikaona angalau nimtii baba kwa jambo moja kabla hajazikwa. Namba tisa ilikuwa haijasainiwa. Nikashusha daftari.

Ukurasa ulikuwa na mwandiko wa mama peke yake, kwa maana wiki tatu hizo hapakuwa na mwingine. Mstari wa mwisho ulikuwa wangu: tisa, kompyuta ya binti, saini hakuna. Niliweka kalamu kwenye nafasi ile. Na jicho likaangukia mstari wa juu yake, wa Jumanne. Herufi zilikuwa kubwa kuliko kawaida, zimepinda kuelekea chini.

"01. Baba. Ametoka. Hatarudi." Na saini ya mama.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikaenda jikoni na daftari mkononi. Mama alikuwa ameshavaa, amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai ambacho hakuwa amekigusa.

"Mama, namba moja ni kifaa gani?"

"Si kifaa. Ni baba yako."

"Simu yake si ilikuwa namba mbili?"

"Simu ni mbili. Moja imeandikwa Baba, basi, tangu siku ya kwanza." Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Niliporudi kutoka hospitali Jumanne, kabla watu hawajaja, nilifungua ile orodha nikaona jina lake limo, kama vile yumo ndani ya nyumba. Nikaona si sawa. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Kinachotoka kinafungwa."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, namba moja ni Masijala. Aliiandika kwa jina lake."

Aliweka kikombe chini polepole. Niliona neno hilo lilivyomwingia.

"Basi nimemfungia nje," alisema.

Nikamwambia hapana, amefanya kama alivyofundishwa, na katika nyumba nzima ni yeye pekee aliyekuwa anafanya. Kisha akanyoosha mkono akaomba tableti. Ukurasa wa ruta ulikuwa na orodha nyingine chini ya ile niliyoitazama mimi, ya vilivyofungwa, na humo mlikuwa na namba mbili na namba moja. Kidole chake kilisimama juu ya jina la baba. Nilitaka kumwambia abonyeze, saa zinakwenda, lakini nikamwachia kazi yake.

"Tuandike kwanza," alisema.

Kwenye masijala maandishi hayafutwi. Kosa hupigwa mstari mmoja kwa wino mwekundu, ukweli ukaandikwa chini yake, na aliyekosea akasaini. Nilimtafutia kalamu nyekundu ya baba. Alipiga mstari juu ya "01. Baba", akaandika chini: "01 ni kompyuta. Imefunguliwa leo. Baba ametoka." Yale maneno ya Jumanne, "Ametoka. Hatarudi", hakuyapiga mstari. Akasaini. Akanipa kalamu, nami nikasaini namba tisa, na chini yake nikaandika: faili la kumi na mbili, limechukuliwa na binti. Nikasaini tena.

Mama akabonyeza. Kiduara kikazunguka mara moja tu, na mafaili yote yakajipanga mbele yetu, moja hadi arobaini na sita, kila moja na jina lake. Kaka aliingia akatukuta tumekumbatiana sakafuni, akadhani kuna msiba mwingine. Fundi Antena naye alipoambiwa alisema pini yake ingelifungua jambo hilo tangu jana. Mama akamjibu kwamba ingelifungua na mengine yote yangepotea, na akamwekea chai.

Wasifu ulikuwa kurasa mbili. Niliuchapa dukani mlango ukiwa nusu, nakala moja, kwa kuwa juu yake baba alikuwa ameandika "Nakala: moja." Ratiba nilizichapa baada yake, na nilifika kanisani wakati kengele ya saa tano inapigwa.

Kaka ndiye aliyesoma. Amezoea kupiga kelele barabarani, lakini siku hiyo alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Baba alitaja tarehe aliyozaliwa na kueleza kwamba cheti kipo, faili la kwanza. Alisema alimwoa mama akiwa na suti ya kuazima, na aliirudisha. Alisema katika miaka thelathini na minne faili lililopotea mikononi mwake ni moja tu, na baada ya siku nne lilipatikana chini ya birika la chai la mkubwa wake, ambaye hakuomba radhi. Watu wakacheka kanisani, hata mchungaji. Alisema hakuwa mtu wa upole sana na anaomba wale aliowakera kwa kusainishwa wamsamehe. Aliomba asisifiwe kwa asilolifanya. Kisha kaka akafika mahali akanitafuta kwa macho kwenye benchi, akaendelea.

"Watoto ni wawili. Wa kwanza husaini bila kusoma. Wa pili amekataa kusaini, lakini katika miaka yote hajawahi kuchukua kitu bila kuomba. Huyo wa pili, mwisho wa yote, nimemwachia daftari."

Mama alinishika goti. Sikusikia yaliyofuata, nimeyasoma baadaye.

Kutoka kanisani tulitembea hadi makaburini, si mbali. Jua lilikuwa kali na ardhi imekauka. Waliobeba jeneza walikuwa sita, wanne wa kwaya, kaka, na Fundi Antena ambaye siku hiyo hakusema neno. Mchungaji alisoma, tukaimba ubeti wa kwanza na wa tatu, kwa sababu baba aliandika kwamba wa pili una kosa la uchapaji na asingependa uimbwe hivyo. Jeneza likashushwa kwa kamba mbili. Lilikwama kidogo upande wa miguu, wakalinyoosha, likakaa sawa. Mama alitupa udongo kwanza, kisha kaka, kisha mimi. Udongo ulikuwa na vijiwe, ukagonga ubao.

Walipomaliza kufukia na kusawazisha, mama alimuuliza kaka ni saa ngapi. Kaka akatazama saa yake, akasema ni saa saba na dakika ishirini. Mama akanigeukia.

"Andika," alisema.

Sikuwa na karatasi. Nikaandika kwenye kiganja.